Aibu niliyoipata mlangoni kwa Otilia: safari ya backpack Guatemala na binti yangu

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko kazini na mliojilaza na simu mkononi.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Hakuna sehemu hata moja ndani yake inayonipa sifa, kwa hiyo msiwe na wasiwasi kwamba natia chumvi. Mtu hatii chumvi kwenye aibu yake mwenyewe.

Kwanza nijitambulishe kidogo ili tusipotezane.

Mimi ni Mtanzania, naishi Katy, pembeni ya Houston. Nafanya kazi ofisini, mambo ya usafirishaji wa mizigo. Mke wangu ni nesi, zamu za usiku. Tuna mtoto mmoja, Suzana, sisi tunamwita Suzi. Yuko chuo kule Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth.

Suzi Kiswahili anakielewa chote ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Wenye watoto huku mnajua. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili ili twende pamoja.

Sasa, kabla ya spring break, ile likizo yao fupi ya chuo, akanipigia simu.

"Dad, twende Guatemala. Wiki moja tu. Backpack mgongoni, hakuna hoteli kubwa."

Nikacheka. Nikamwambia aende na wenzake.

"Wenzangu siwataki. Nakutaka wewe."

Wakuu, mtoto wa chuo anakuomba usafiri naye, utakataa? Nikaomba off siku hiyo hiyo. Nikatamba ofisini wiki nzima.

Mama yake hakuweza kupata ruhusa. Akasema tu, "Nendeni, mtafurahi." Nikaona anatabasamu peke yake, nikadhani anafurahia nyumba kubaki kimya.

Nilikuwa nimepanga kwenda na suitcase yangu ya magurudumu. Rafiki yangu Kamau, Mkenya wa Missouri City, hapa hapa jirani na Houston, ndiye aliyeniokoa. Alipoiona akaniuliza, "Boss, hiyo utaivuta wapi, kwa mlima? Chukua bag yangu. Na usiniletee ikiwa imeraruka."

Ndiyo nikawa backpacker, na kitambi changu.

Suzi ali-drive kutoka Arlington, akalala kwetu, asubuhi tukaruka kutoka Houston. Saa chache tu mko Guatemala. Kutoka uwanja wa ndege tukachukua gari dogo la abiria hadi Antigua, mji wa zamani wenye barabara za mawe na volkano imesimama nyuma yake kama picha ya kalenda.

Hostel yetu ilikuwa na vitanda vya ghorofa, watu wanane chumba kimoja. Mimi na vijana wa Kijerumani.

Nikamwambia Suzi, "Sisi tumekimbia nyumbani tukilala hivi hivi, nyie mnakuja kulipia?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Asubuhi wale Wajerumani wakaomba kuhamishiwa chumba kingine. Nakoroma, nakiri.

Tukaenda kupanda volkano moja ambayo haina makali sana. Watu wa pale wanafuata watalii na farasi, wanaita "taxi, taxi!" Nikavumilia mpaka robo ya njia, nikapanda taxi. Binti yangu akatembea kwa miguu pembeni yangu, ananipiga picha huku akicheka. Picha hizo ninazo. Ni picha nzuri. Sijaweza kuziangalia vizuri mpaka leo.

Kitu kimoja kilinishangaza kule Antigua. Suzi alikuwa anaongea Kispanyola na kila mtu. Siyo kile cha kuombea maji na chakula. Anatania wauza matunda, anabishana bei, bibi mmoja akamshika shavu.

Nikamuuliza, "Hiki mmefundishwa high school?"

Akaniangalia kidogo. "Hapana, Dad. Nimekua nacho."

Mimi nikasema safi sana, nikarudi kwenye simu yangu. Kulikuwa na email ya ofisini.

Halafu kuna jambo lingine inabidi mlijue. Pale hostel kulikuwa na akina mama wanaofua nguo za wageni. Unawapa mfuko, jioni unarudishiwa zimekunjwa. Tulipohamia kule ziwani, Atitlán, ikawa hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi nikawa nimeshazoea: nikifika mahali natafuta mama mwenye aproni, namkabidhi mfuko, naonyesha kwa mikono kwamba nguo chafu, nasema gracias, naendelea na safari.

Siku mbili za mwisho Suzi alisema tutalala milimani, karibu na mji wanaouita Xela.

"Tutakaa kwa mtu ninayemjua," akasema.

Nikadhani ni mambo ya mtandaoni, zile nyumba za watu unazo-book na unasema unamjua mwenye nyumba kwa sababu mmeandikiana message mbili.

Sikumuuliza ni nani. Suzi naye alikuwa amejaa furaha kama mtoto wa darasa la kwanza, alibadilisha blauzi mara mbili kabla hatujaondoka ziwani. Hata hilo sikumuuliza.

Tukafika kijijini mchana, baridi, nimechoka, mgongo unauma. Suzi akasimama kwenye duka la mkate pale njia panda.

"Dad, tangulia. Ni ule mlango wa bluu. Nanunua mkate mtamu, siwezi kwenda mikono mitupu."

Nikatangulia.

Nikagonga. Akafungua mwanamke wa makamo, mfupi, mnene kiasi, amevaa zile sketi zao ndefu za kufumwa na blauzi ya maua, juu yake aproni.

Aliponiona akaweka viganja vyote viwili mdomoni. Akasema maneno mengi kwa haraka, macho yamejaa. Halafu akafungua mikono yake yote miwili kuja kunikumbatia.

Wakuu.

Mimi nikavua backpack, nikaiweka kwenye mikono ile.

Sijui niseme nini zaidi. Mtu kafungua mikono anikumbatie, nimempa mzigo. Akayumba kidogo, lile begi lilikuwa zito, akalidaka kifuani.

Sikuishia hapo. Nikachomoa mfuko wangu wa nguo chafu pembeni ya begi, nikauweka juu. Nikaonyesha kwa mikono, fua fua. Gracias. Halafu nikanyanyua simu nikamuuliza, "Wi-Fi?"

Akaniangalia. Nikaona uso unabadilika polepole, kama mtu anayetafuta alichokosea. Halafu akacheka kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani na mizigo yangu.

Nikamfuata, nikakaa kwenye kochi. Nikanyoosha miguu.

Dakika si nyingi Suzi akaingia na mkate. Hajafika hata katikati ya chumba akapiga kelele, "Mama Oti!" Mkate ukadondoka. Yule mwanamke akatoka mbio kule nyuma, mikono imejaa povu la sabuni, wakakumbatiana katikati ya nyumba. Walilia wale watu! Wanashikana nyuso, wanaachana, wanaangaliana, wanarudi tena.

Mimi nimekaa na simu, natafuta network.

Suzi akanigeukia, machozi yanamtoka anacheka. "Dad! Si Otilia!"

Na mimi, mbele ya mwenyewe, nikasema:

"Otilia nani?"

Jina halina tafsiri, wakuu. Hata asiyejua Kiingereza wala Kiswahili alielewa nimeuliza nini.

Naomba niwaeleze Otilia ni nani, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kukumbuka pale kwenye kochi.

Tulipofika Marekani tuliishi kwenye apartment moja Southwest Houston. Mimi nilikuwa nasoma mchana na kupanga maboksi warehouse jioni. Mke wangu alikuwa anahudumia wazee usiku huku anasomea unesi. Suzi alikuwa mchanga. Jirani wa chini alikuwa mwanamke aliyekaa na watoto wa watu. Yeye ndiye aliyemshika Suzi tangu hajakaa mpaka anaingia darasa la tatu au la nne.

Huyo ndiye Otilia, ambaye baadaye alirudi kwao.

Mimi nilikuwa nikitoka kazini sishuki hata kwenye gari. Napiga honi, mlango unafunguliwa, mtoto anakuja mbio, naona mkono unapunga, tunaondoka. Mama Suzi ndiye aliyekuwa anaingia kule ndani na kuongea. Mimi nyumbani nilikuwa namwita "yule Mmeksiko." Mtoto kashinda kwa Mmeksiko. Mtoto kapata homa, Mmeksiko kapiga simu.

Hata nchi yake sikuwa naijua. Na hapo nimetoka kuizunguka hiyo nchi karibu wiki nzima napiga picha.

Basi. Suzi aliuona uso wangu, akaelewa kwamba simkumbuki. Ile furaha ikamtoka usoni kama mtu kazima taa. Halafu akaangalia mikono ya Otilia, lile povu.

"Anafua nini?" akaniuliza.

Nikakunja miguu yangu.

Akaenda nyuma. Kule kulikuwa na karo la saruji wanalofulia, na soksi zangu, na chupi zangu, wakuu, zimelowekwa. Nikasikia Suzi anabishana, anataka kuzichukua. Otilia anakataa, anacheka, anamsukuma kwa kiwiko.

Suzi akarudi akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Anasema usijali. Anasema amenenepa na amezeeka, ndiyo maana hukumjua. Kaniambia nikutafsirie hivyo hivyo."

"Suzi, kwa nini hukuniambia? Ungeniambia tu."

"Nilitaka ufurahi ukimwona. Sikuwaza hata kidogo kwamba hutamjua, Dad. Hilo halikunijia kichwani."

Mngeweza kunitukana matusi yote ya humu ndani na yasingenifikia pale ile sentensi iliponifikia.

Jioni kijana wa Otilia akarudi kutoka kazini. Anaitwa Wilmer, mtu mzima, anafanya call center pale Xela, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Akamkumbatia Suzi kwanza. Walikuwa wanajuana kwenye simu miaka. Mimi akanipa mkono.

Tukala. Mchuzi mzito wa kuku, maharage meusi, na tortilla, zile chapati zao za mahindi, zinatoka jikoni moja moja za moto. Otilia ananiongezea kila sahani ikipungua. Kupitia dirishani naziona nguo zangu kwenye kamba, zimeanikwa vizuri, soksi kwa jozi zake.

Baada ya kula Wilmer akaniita nje tukaangalie mlima. Nilijua siyo mlima.

Akasema, "Uso wako naufahamu. Mama alikuwa ananitumia picha za birthday za Suzi. Wewe uko nyuma kwenye picha mbili au tatu."

Nikamwambia samahani kwa yale ya mlangoni. Akasema mama yake hajamweleza chochote, kaona mwenyewe nguo.

Halafu akaniambia jambo ambalo natamani wazazi wote humu walisikie.

"Mama aliniacha kwa bibi nikiwa mdogo sana, sikuwa hata nimejua kufunga kamba za viatu. Alikuwa anapiga simu mchana. Nikiwa namwambia habari za shule, nasikia mtoto analia kwake. Mama ananiambia, ngoja mwanangu, Susanita ameamka. Anakata. Nilimchukia sana huyo Susanita. Nilikuwa naomba Mungu asiamke."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Sasa ni dada yangu. Alinitafuta yeye, alipokuwa high school. Akaniandikia Kispanyola cha mama yangu, maneno yale yale ya mama. Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi?"

Hakuwa na hasira, wakuu. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza mgeni historia ya nyumba. Mimi nimesimama pale natazama giza linavyoshuka mlimani, nikijua kwamba kila nilichowahi kujivunia, digrii, nyumba ya Katy, mtoto wa chuo, kuna mtoto mwingine alikatiwa simu ili vipatikane. Na mama yake nimempa chupi afue.

Asubuhi nikamwomba Suzi anitafsirie. Otilia alikuwa jikoni anapigapiga unga wa mahindi mikononi. Nikasema, "Mwambie naomba msamaha."

Suzi akasema, "Sema mwenyewe."

"Kispanyola sijui."

"Najua hujui. Sema mwenyewe tu."

Akatoka nje akaniacha.

Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Kiingereza cha Otilia ni kidogo, changu cha kuomba msamaha nacho kiligoma. Nikaanza kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Nikamwambia, mama, nisamehe. Sikukujua. Ulinilelea mwanangu na mimi sikushuka hata kwenye gari. Nikaendelea hivyo hivyo, sauti inakatika, najua hanielewi lolote.

Akaacha unga. Akafuta mikono kwenye aproni. Akanishika bega, akasema:

"Pole. Pole, pole. Usilie."

Kwa Kiswahili.

Nilishtuka nikamwangalia. Akacheka huku naye analia, akaanza kuhesabu kwa vidole maneno aliyonayo. Pole. Usilie. Njoo kula. Lala. Maziwa. Mama anakuja.

Mama anakuja.

Mke wangu ndiye aliyemfundisha, ili Suzi akilia asikie lugha ya nyumbani. Yule mwanamke alijifunza Kiswahili ili ambembeleze mwanangu, na mimi sikujifunza jina lake.

Nililia pale jikoni mpaka tortilla ikaungua. Siwafichi.

Siku iliyobaki tulikwenda wote sokoni, tukapiga picha, Otilia akanifundisha kupiga ule unga, tortilla zangu zikatoka kama ramani ya Afrika, wakacheka. Suzi alicheka pia. Lakini alicheka akimwangalia Otilia, hakuniangalia mimi.

Kwenye ndege nikamwambia, "Nimekuangusha."

Akajibu, "Ndiyo." Akaongeza, "Lakini hukukimbia. Nilidhani utasema unaumwa kichwa uende hoteli."

Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyoambiwa kwenye safari nzima. Mjue tu kiwango changu kilikuwa kimeshuka wapi.

Suzi alilala kwetu, kesho yake akaondoka mapema kurudi Arlington. Mama yake alipotoka zamu akanikuta mezani na chai. Nikamweleza yote, begi, nguo, "Otilia nani," Wilmer, jikoni. Sikuruka kitu.

Alisikiliza amevaa bado nguo za hospitali. Nilipomaliza akasema, "Baba Suzi, mimi kila Krismasi huwa naongea na Otilia. Huwa nakaa hapo hapo ulipokaa, kwenye speaker. Wewe unakuwa sebuleni unaangalia mpira."

Akaenda kuoga.

Ndiyo hivyo, wakuu. Nguo zile zimekunjwa kwenye droo, sijavaa hata moja. Nimeanza kujifunza Kispanyola kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya barabara kuu ya I-10, nakwenda nacho taratibu, ulimi mzito. Jumapili Suzi akimpigia Otilia huwa ananiunganisha. Namsalimia, namuuliza kuhusu kuku wake na goti lake. Baada ya hapo maneno yananiishia, nakaa nawasikiliza.

Nilichojifunza ni kwamba sisi tuliokuja huku tunapenda kusema "nimepambana mwenyewe, hakuna aliyenisaidia." Mimi niliisema hiyo kwenye harambee, kwenye harusi, kanisani nikiwa nimeshika microphone. Sitaisema tena. Kulikuwa na mtu mlango wa chini, na yeye alikuwa na mtoto wake.

Wale mliomwachia mtu mtoto wenu ili mkabebe zamu, iwe Houston, iwe Dallas, iwe Dar na dada wa kazi kutoka Singida: nauliza kwa nia njema kabisa, mlimshukuru vipi mtu wa namna hiyo, na alikubali? Na kama wewe ndiye uliyelea watoto wa wenzio huku wako wakiwa mbali, nakuomba zaidi uandike.

Wa kunisema pia karibuni, sitajibishana. Mke wangu naye anausoma uzi huu.